Swali la Ishirini na Mbili

Tarehe 6 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Usiitikie kwa sauti, maana najua unasoma hii kazini, umejibanza nyuma ya marobota ya karatasi ili wenzako wasione kwamba nyapara naye huandikiwa barua. Mimi ni mzima. Chumba chetu cha bweni kina vitanda viwili, meza moja na dirisha linalotazama ukuta. Mwenzangu anasomea ujenzi wa madaraja, na akilala analala kama daraja, hatikisiki. Mwambie mama nakula. Mwambie pia koti alilonishonea limenitosha, ila asiulize habari za mikono. Goti lake likoje? Akisema "si neno" najua ni neno.

Usinishangae kuandika barua badala ya kupiga simu. Simu ya hapo nyumbani ina wenyewe sita, na wa kwanza kusikiliza ni mama.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka ulivyocheka nilipokwambia kuna shahada ya uzamili ya kusomea jinsi watu wanavyokaa pamoja kazini? Ulisema, "Mimi nimekaa nao miaka ishirini na sita bila shahada na hawajaning'ata." Basi nimekuja kwako. Tasnifu yangu inahusu namna kikundi cha wafanyakazi kinavyojitungia sheria zake ambazo hakuna mkubwa aliyeziandika: nani asimzidi nani kwa kasi, nani atetewe, nini kisisemwe mbele ya ofisi. Meneja wenu amekubali. Kwenye bahasha hii kubwa kuna madodoso thelathini na tisa, moja kwa kila mtu wa sehemu yenu ya kukata na kugundisha maboksi, wewe ukiwemo. Kila mtu ajaze peke yake, bila jina, aweke tiki tu, kisha afunge bahasha yake kwa mkono wake. Uzito wote uko hapo, mjomba: peke yake.

Nimeahidi pia kwamba matokeo nitawarudishia, yabandikwe ubaoni. Watu wa viwandani huulizwa maswali kila mwaka na hakuna anayewaletea jibu.

Mpwa wako


Tarehe 29 Machi

Mpwa wangu msomi,

Marahaba, na nimeitikia kwa sauti. Mama Gundi, yule anayesimamia madumu ya gundi na mambo mengine yote yasiyomhusu, amegeuka akauliza ni nani ananisalimia. Mama yako hajambo. Goti limepata mwenzake, sasa na la pili linauma, naye anasema afadhali, yamelingana. Bati la jikoni tumelibadilisha. Lile la zamani amekataa litupwe, anasema lina kazi. Kazi yenyewe hajaitaja.

Madodoso yamejazwa. Ilikuwa Jumamosi, saa ya chai, ndani ya stoo, kwa utulivu mkubwa. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyekataa. Bahasha zimefungwa kwa gundi yetu wenyewe, kwa hiyo usijaribu kuzifungua kwa kidole, tafuta kisu.

Katika swali la tisa umeuliza kama tuna sheria zisizoandikwa. Tunazo, na ndizo tunazozifuata. Zilizoandikwa ziko ubaoni, zimefunikwa na tangazo la kisanduku cha maoni. Kisanduku chenyewe kilifunguliwa mara moja tu, miaka mitatu iliyopita. Ndani kulikuwa na ganda la peremende na karatasi moja iliyosema kisanduku kihamishwe, watu wanajigonga vichwa.

Nikupe moja ya zisizoandikwa. Mashine ya kukata inaendeshwa na watu wawili: mmoja analisha karatasi, mwingine yuko kwenye pedali. Kabla ya kukanyaga, wa pedali anaita "Mikono!" Mpaka mwenzake ajibu "Nje!" ndipo kisu kinashuka. Hiyo hakuna meneja aliyeitunga. Ofisi ina ya kwake, ambayo ni kinga ya chuma mbele ya kisu, ya kuinua na kushusha kwa kila karatasi. Kuhusu kinga tutaongea siku nyingine.

Soma, mwanangu. Lakini ule pia.

Mjomba wako, nyapara asiye na shahada


Tarehe 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Huku baridi imeingia mpaka kwenye daftari. Wa madaraja amepata mchumba, sasa anatikisika. Nimefurahi kusikia habari za bati, na nadhani napajua litakapokwenda: chini ya kitanda changu, pamoja na vingine vyenye kazi.

Nilitumia kisu. Ndani ya bahasha zenu nimekuta kitu ambacho msimamizi wangu wa tasnifu anasema hajawahi kukiona tangu aanze kufundisha. Watu wa sehemu moja kukubaliana namna hii, swali baada ya swali! Amewaonyesha wenzake. Ameniambia nikimaliza uchambuzi kabla ya Agosti nitahitimu mwaka huu huu, na mama nimeshamwambia. Najua sikupaswa, maana kufikia sasa mtaa mzima umejua.

Nimetimiza ahadi. Muhtasari nimempelekea meneja aubandike ubaoni. Ni ukurasa mmoja tu, kila swali na asilimia yake, hakuna jina wala cheo cha mtu.

Mama aliniandikia kwamba yule mwenzenu mnayemwita Mrefu, aliyekuwa akija nyumbani siku za mapumziko kukushinda drafti, aliumia mashineni Oktoba iliyopita na hayuko tena kazini. Hukunitajia. Ilikuwaje?

Mpwa wako


Tarehe 27 Juni

Mpwa wangu,

Nimechelewa, najua. Mama yako alikuwa na homa, sasa ameamka na anagombana na kila mtu, kwa hiyo amepona.

Karatasi yako ilibandikwa Jumatatu asubuhi. Kufikia saa ya chai asilimia zilikuwa zimeshageuzwa kuwa watu. Swali la ishirini na mbili: "Umewahi kuona ajali kazini ikielezwa tofauti na ilivyotokea?" Hapana, asilimia 97.4. Tuna kijana wa hesabu za mzigo, tunamwita Mwandiko kwa sababu herufi zake zimenyooka kuliko za kompyuta. Akachukua chaki akagawanya pale pale ukutani, thelathini na nane kwa thelathini na tisa.

"Ni mmoja," akasema. "Kuna mtu mmoja."

"Lakini tulikubaliana!" Mama Gundi akapiga kelele. "Si tulikubaliana, jamani? Ulisoma swali, tukasema hapana, ukaweka hapana!"

"Niliweka hapana zote," Mwandiko akajibu.

"Basi kuna mtu aliyekwenda na lake pembeni akalikorofisha."

Umesikia sasa, na afadhali usikie kutoka kwangu. Ulisema kila mtu peke yake. Hapa hakuna mtu anayefanya kitu peke yake, hata kwenda msalani. Tulikaa stoo, Mwandiko akasoma maswali kwa sauti, tukabishana, tukapatana jibu la kila swali, naye akajaza yote thelathini na tisa kwa kalamu yake. Hatukuona ubaya. Tulidhani tunakusaidia. Mtoto wa dada wa nyapara, tumpe majibu ya ovyo ovyo, kila mtu na lake? Tulikupa yaliyonyooka. Kisha kila mtu akapewa karatasi yake aifunge. Ni hapo mmoja alipokata tiki ya Mwandiko akaweka yake.

Wameamua ni Mgeni. Ni mama mmoja mpole aliyeajiriwa Desemba. Sababu waliyoipata ni kwamba swali lile liliposomwa stoo, aliuliza, "Kwani kulikuwa na ajali gani?" na watu wote wakamtazama. Amekuja miezi miwili baada ya Mrefu kuumia. Hakuona kitu, hakuna cha kuona. Lakini kikundi kikishataka mtu hakikagui tarehe.

Hawamtukani. Ingekuwa matusi ningejua la kufanya. Hawasemi naye, basi. Akisalimia, hewa inaitikia. Akikaa kunywa chai, benchi linakumbuka lina shughuli nyingine. Na tangu juzi, akiwa analisha karatasi, wa pedali anakanyaga bila kuita.

Niambie ni nani aliyeweka tiki ile. Nitaongea naye mwenyewe, taratibu, mambo yaishe.

Mjomba wako


Tarehe 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya homa. Nitamwandikia barua yake, leo sina moyo wa kutania.

Sijui ni nani, na ningejua nisingekwambia. Niliwaahidi watu thelathini na tisa, wewe ukiwa mmoja wao.

Ila nami nina langu la kusema. Nilijua. Siku nilipofungua bahasha ya tano nilijua, kwa sababu ni kalamu ile ile na tiki ile ile yenye mkia mrefu. Nikafungua zote, nikazipanga kitandani, nikakaa nazitazama. Kisha nikampelekea msimamizi wangu tarakimu peke yake, karatasi nikazifungia sandukuni. Aliposema hajawahi kuona makubaliano kama yale, nilitabasamu. Ndivyo nilivyofanya, mimi ninayesomea jinsi watu wanavyonyamaza.

Na muhtasari ule niliuandika kwa fahari. Tumefundishwa kwamba asilimia humficha mtu. Ndiyo, katika elfu moja. Katika thelathini na tisa ilikuwa sawa na kumnyooshea kidole, na kidole chenyewe kimemwangukia asiyehusika.

Mjomba, wewe ndiye nyapara. Wakikanyaga pedali bila kuita, wanakanyaga mbele yako. Ulikuwa wapi?

Na nakuuliza tena, kwa heshima zote: Mrefu aliumiaje?

Mpwa wako


Tarehe 19 Julai

Mpwa,

Salamu. Mama yako anaendelea vizuri. Goti la kulia limetulia. Mvua ya wiki iliyopita haikupita kwenye bati jipya. Jirani ameuza mbuzi wake, tumepata usingizi.

Uliyoyaandika nimeyasoma.

Mjomba wako


Tarehe 20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimesubiri barua ya pili mwezi mzima, na nadhani imekataa kuandikika. Basi niandike mimi.

Jana nilikwenda ofisini kwa msimamizi wangu nikiwa na sanduku. Nikammwagia karatasi mezani. Alizipekua, akavua miwani, akaniuliza, "Umejua lini?" Nikamwambia tangu Aprili. Hakugomba. Aliinuka akafungua dirisha. Kisha akasema data zote zimekufa, nianze upya mahali pengine, kwa watu ambao si wa mjomba wangu. Mwaka mmoja zaidi, na barua ya onyo kwenye faili langu. Mlangoni akaniita nirudi, akaniuliza kama yule mama mgeni yuko salama.

Mama nimemwambia. Amelia kidogo, kisha akauliza atawaambia nini majirani. Nimemwambia awaambie zege la daraja halijakauka.

Sikuulizi tena habari za Mrefu. Nakueleza tu nilichofanya mimi.

Mpwa wako


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Mama yako amepokea barua yako na ameiweka ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vyeti vyako. Majirani amewaambia chuo kimekuongezea mwaka kwa sababu ya akili nyingi. Usimkanushe. Mimi ni mzima, ila mikono inauma, na sababu utaiona mbele.

Naanza na Oktoba ya mwaka jana, kwa sababu nikianza kwingine nitazunguka.

Kinga ya chuma inapunguza kasi. Siku za mzigo mkubwa tulikuwa tunaitoa na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na mkaguzi akionekana getini mlinzi anabonyeza kengele mara mbili, tunairudisha. Uamuzi wa kuitoa au kuiacha ulikuwa wangu peke yangu, kila asubuhi. Asubuhi ile niliitoa kabla Mrefu hajafika. Alikuja saa nne, akampokea mwenzake zamu ya kulisha. Vyuma vya paa vilikuwa vinalia kwa mvua. Wa pedali aliita, akasikia kama ameitikiwa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mrefu akaanguka, akagonga kichwa kwenye sakafu, akapoteza fahamu.

Ofisi iko juu. Ngazi zina vipandio kumi na vinane. Meneja alipokuwa anashuka vipandio hivyo, mimi nilitoka kwa Mrefu, nikaenda nyuma ya mlango, nikachukua kinga, nikairudisha mashineni. Wengine walikuwa wanamfunga mkono kwa shati. Mimi nilikuwa nafunga skrubu.

Meneja akauliza, "Kinga ilikuwepo?" Nikasema, "Ameiinua mwenyewe." Nikageuka nyuma. Hakuna aliyenipinga. Mama Gundi alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kuafiki, kisha wa jirani yake, kisha wote. Hatukukaa kikao. Ulitaka kujua kikundi kinatungaje sheria. Kinatunga kwa muda wa mtu kushuka ngazi.

Mrefu alifukuzwa kwa uzembe. Tulichanga, tukampelekea unga na mafuta, tukajiona watu wema.

Sasa Mgeni. Uliniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa pale pale, natazama nikijifanya nahesabu maboksi. Jumanne ya wiki ya kwanza ya mwezi huu kisu kilishuka bila mtu kuita. Mgeni alivuta mkono. Ncha ya kidole cha glavu ilibaki kwenye trei, imesimama wima, tupu. Yeye akavua glavu, akahesabu vidole kwa kuvigusa kimoja kimoja, akavaa nyingine akaendelea. Hakuangalia mtu.

Saa ya chai nikapanda juu ya kreti.

"Aliyeweka tiki ile ni mimi," nikasema.

Mama Gundi akacheka. "Wewe? Nyapara, shuka usije ukavunjika."

"Ni mimi. Mwacheni huyu mama."

"Uliweka tiki ya nini?"

"Kwa sababu niliona."

"Sote tuliona, mzee wangu," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kelele. "Ndiyo maana tulikubaliana."

"Basi mimi nimejitoa."

Wewe nakwambia ambalo wao sikuwaambia: si mimi niliyeweka tiki. Yangu ilikuwa hapana, na niliifunga kwa gundi nyingi. Aliyeiweka alikuwa amekaa mle ndani na kikombe mkononi, ananisikiliza nikidai ushujaa wake. Nilizitazama nyuso zote na sikumjua. Simtafuti. Lakini nilipokwisha kusema mbele za watu kwamba niliona na nilikiri, ilibidi nikakiri kweli, la sivyo ningekuwa nimeongeza uongo wa pili ili kupamba wa kwanza. Nikashuka kwenye kreti, nikapanda vile vipandio kumi na vinane.

Meneja aliandika kila neno, kisha akaniuliza kwa nini sasa. Nikamwambia nimejibu dodoso. Unyapara nimevuliwa siku hiyo hiyo. Napanga marobota, ndiyo maana mikono inauma. Wakaguzi wamekuja mara mbili bila kengele, na watu wa ofisini wanasema yangu bado hayajaisha. Kinga imefungwa kwa bolti nne. Mgeni sasa anaitwa na anaitikia, ila chai anakunywa na mimi, kwa sababu mimi nimebaki na benchi zima. Sijawahi kukaa kwa nafasi namna hii.

Jumapili nilikwenda kwa Mrefu. Nilikuwa sijakanyaga kwake tangu siku ya unga. Sebule yao ni ndogo, kuna kochi moja na meza ya kupigia pasi. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Mrefu alikuwa na daftari la mistari miwili, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, anarudia jina lake.

Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Msumari, mlango, ngazi, skrubu.

Nilitegemea anitukane au anitoe nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa upole kabisa, kama anayemsahihisha mzee, "Hapana, nyapara. Niliiinua mimi."

"Haikuwepo, ndugu yangu."

"Nakumbuka nikiiinua. Ilikuwa ya baridi."

Unaelewa, mwanangu? Alipozinduka hospitali, siku ile yote ilikuwa imefutika kichwani mwake. Tulikwenda kumtazama kwa zamu, wawili wawili, na kila mmoja alimwambia pole, ila ungeiacha ile kinga mahali pake. Watu thelathini na wanane. Alitusadiki. Akajitengenezea mpaka ubaridi wa chuma.

Mkewe akasimamisha pasi. "Kila asubuhi," akaniambia, "kabla watoto hawajaamka, huyu ananiomba msamaha kwa uzembe wake. Miezi kumi na moja. Nami namsamehe."

Nikamgeukia.

"Mwambie tena," akasema. "Usiniangalie mimi. Mwangalie yeye, umwambie polepole."

Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamwambia mara ya tatu, tangu asubuhi nilipoitoa kinga mpaka meneja alipofika chini, na kila nilichogusa kwa mkono wangu. Alipoacha kutikisa kichwa, alifunika daftari, akauweka mkono wa kulia juu ya meza mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu niingie, akalia.

Sitaki uyaweke haya kwenye tasnifu.

Mjomba wako